Reli ya Kuegemea

Kiungo cha reli kilichomwangusha mama yangu nilikifungua kwa ukucha. Sikuhitaji nyundo wala tindo. Nilipiga magoti kwenye kidato cha tatu cha ngazi, nikakwangua rangi ya fedha iliyong'aa kama sufuria ya dukani, na chini yake nikakuta ganda la kijivu la ule unga laini ambao mafundi wa magari huukoroga na kuzibia mabonde ya bodi iliyogongwa. Wao huuita fila. Chini ya fila palikuwa na vyuma viwili vilivyounganishwa kwa tone moja la moto wa kuchomelea, dogo kuliko punje ya haragwe. Tone hilo ndilo lililokabidhiwa kazi ya kumzuia mwanamke wa miaka sabini na miwili, mwenye nyonga mbovu, asiporomoke hadi mlangoni pa choo chake.

Nyumba ya mama iko kwenye mteremko, nje kidogo ya Kerugoya. Marehemu baba aliijenga juu na choo akakichimba chini, mbali na jiko, na kati ya viwili hivyo akapanga vidato saba vya mawe visivyolingana kimo. Mama amevishuka kwa miaka arobaini. Kuanguka kwake hakukumvunja mfupa, mkono tu ulivimba; lakini kaka yangu mkubwa, anayeishi Nairobi, alipiga simu jioni hiyo na kutangaza kwamba amekwisha kumtengea chumba katika fleti yake, ghorofa ya nne, choo humo humo ndani. Kaka yangu ni mtu wa kutangaza. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akanirudishia simu, kisha akasema nami kwa Kikuyu, lugha tunayozungumza nyumbani na ambayo hapa naitafsiri.

"Baba," alisema, maana huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la baba yake, "siku nitakayohitaji kushikwa mkono kwenda chooni, nipelekeni mnakotaka. Kabla ya siku hiyo, niacheni kwangu."

Kaka alisema atakuja kumchukua mwishoni mwa likizo ya Agosti. Tulikuwa mwanzoni mwa Juni. Kama kufikia siku hiyo mama angekuwa na kitu cha kushika ambacho hakitamwangusha, angebaki. Kama hakuna, angeondoka katika nyumba yake kama fanicha.

Nilikifunga kipande cha reli katika gazeti, nikampelekea fundi aliyekitengeneza, mjini Kerugoya. Nilikuwa nimejiandaa kwa aibu yake. Nilidhani atainamisha kichwa, na nilikuwa nimekwisha kupanga maneno ya kumsamehe kwa masharti. Alikipokea, akakigeuzageuza, akaniuliza kwa upole, akimwita mama shosho, yaani nyanya:

"Kwani shosho alifanya nini?"

"Aliegemea."

Akatikisa kichwa taratibu, kwa masikitiko ya mtu anayeletewa habari za uzembe wa wengine. "Sasa hapo ndio shida. Hii ni ya kushika, si ya kuegemea. Ya kuegemea ungesema mapema. Hiyo ni kazi ingine kabisa."

Sijapata kusikia, si chuoni, si katika mikutano ya walimu, sentensi iliyojaa uovu kwa utulivu kiasi kile. Hakuwa akidanganya. Aliamini. Katika akili yake, dunia ilikuwa na reli za aina mbili, na mwenye makosa ni aliyekosa kutaja anataka ipi.

Ila lazima niseme jambo linalonihusu. Reli ile niliipokea mimi. Huku kwetu kazi ya fundi haijaribiwi mbele yake. Akileta lango, kitanda au kabati, mwenye nyumba humkaribisha chai, hupapasa rangi kwa kiganja, husema imetoka vizuri, na ukaguzi umekwisha. Kuitikisa kazi ni kumwita mwizi mtu anayenyanyua kikombe chako. Basi hatutikisi. Nchi nzima ya miteremko, kutoka Nyeri hadi Kerugoya, imesimama juu ya adabu hiyo, na milango inaanguka, na ngazi zinaning'inia, na watu wanasema ni bahati mbaya. Mimi, mwenye shahada, ninayewasimamisha wanafunzi wangu kwa nusu saa kwa kunakili jibu moja, nilipapasa rangi ya fedha na kumwongezea fundi kipande cha mkate.

Nafundisha historia katika shule ya sekondari mjini Nyeri. Wikendi ni seremala, si wa kuuza, bali wa kujifurahisha. Nyuma ya nyumba ninayopanga nina stoo yenye randa mbili, patasi za baba, na meza ya kazi niliyoiunda mwenyewe kwa mbao za saiprasi. Huenda msomaji akauliza kwa nini sikumtengenezea mama reli ya mbao. Nilikwisha kumtengenezea, ya mti wa mukima, na misimu miwili ya mvua iliiozesha pale nguzo zinapoingia udongoni. Lakini viungo vyake havikuachana hadi mwisho. Fahari yangu katika useremala ni kiungo kisichoonekana: ulimi unaingia tundu lake, gundi kidogo, msasa mwingi, na baadaye ukipitisha kidole hujui ubao mmoja unaishia wapi na wa pili unaanzia wapi. Nilikuwa nikiwaomba wageni wapitishe kidole. Wengine walipitisha mara mbili ili waachwe waende.

Niliamua kujifunza kuchomelea vyuma. Sikumwamini mtu mwingine yeyote.

Jumamosi mbili nilizunguka karakana za kando ya barabara mjini Nyeri nikitafuta wa kunifundisha, na matembezi hayo hayakuniongezea upendo kwa wanadamu. Kila mahali palikuwa na malango ya matajiri yamesimamishwa yaangaliwe: maua ya chuma, mishale ya dhahabu, simba wawili wanaotazamana kama ndugu waliogombea shamba. Nilianza kukwangua kwa siri kwa ufunguo wa nyumba. Chini ya dhahabu, fila. Chini ya simba, fila. Tajiri aliyelipia lango la kuzuia wezi alinunua picha ya lango, na mwizi akijua hivyo angeingia kwa kijiko. Wateja walikuja, wakarudi nyuma hatua tatu, wakainamisha vichwa upande kama watu wanaochagua kitambaa cha pazia. Sikumwona hata mmoja aliyeshika kitu akakivuta.

Fundi mmoja nilipomweleza haja yangu aliwaita wenzake wasikie.

"Ati mwalimu anataka kusoma welding. Mwalimu, hii kitu haina silabasi."

"Wala mtihani," akasema mwenzake.

"Hilo nimeliona," nikawajibu, na wakacheka kwa kudhani natania.

Nilimpata mwalimu wangu huko Majengo, nyuma ya msikiti, katika kibanda cha mabati kilichobanwa kati ya vyumba vya kupangisha na kioski cha mandazi. Alikuwa mtu wa magharibi mwa Kenya, wa makamo, aliyekuja Nyeri miaka mingi iliyopita kumfuata ndugu yake askari. Ndugu alihamishwa, yeye akabaki. Nilipofika alikuwa akibishana na mama mmoja juu ya dirisha. Mishono ya dirisha lile ilikuwa imetuna, minene, yenye mawimbi ya karibu karibu, kama kamba iliyolazwa kwenye kona.

"Lakini mbona hujasugua?" mama alilalamika. "Inakaa vibaya. Wale wengine wanasugua na wanapaka ile kitu."

"Nikisugua, mama yangu, nitakuwa nimekuuzia rangi."

"Basi niuzie rangi. Ni mimi nitakuwa naiangalia."

Alikataa. Mama akaenda zake, na nikaelewa kwa nini kibanda kile hakikuwa na foleni. Fundi alichukua nyundo na kuligonga dirisha, kila kiungo mara tatu, bila haraka. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nabisha hodi," alisema. "Kama ndani kuna uongo, utajibu."

Nilipaswa kumheshimu tangu dakika hiyo. Ukweli ni kwamba nilimdharau pia, ila kwa daraja la juu kidogo kuliko wenzake. Niliona mtu mwaminifu asiye na jicho. Nilijiambia kwamba nitachukua uaminifu wake, nitaongeza jicho langu la seremala, na mama atapata reli ambayo haijawahi kuonekana katika wilaya zote za mlima.

Tulikubaliana niwe nakuja kila Jumamosi. Sharti lake lilikuwa moja, kwamba hakuna kitu kitakachotoka kibandani kabla hajakigonga.

Jumamosi ya kwanza sikuchomelea kitu, nilichomwa. Rodi, kile kijiti cha chuma kinachoyeyuka na kuwa mshono, ilinasa kwenye bomba kila nilipoigusisha, na mashine ikanguruma kama ng'ombe aliyekanyagwa mkia.

"Hiyo si chaki, mwalimu," alisema. "Chaki unakandamiza. Hii unasalimia tu, unatoa mkono, lakini usiende mbali."

"Umbali gani?"

"Kama wewe na madam mwenye unamwogopa hapo staffroom."

Hakuna mwalimu wa kike niliyemwogopa, lakini nilielewa umbali. Jioni ile, kwa kuwa nilikuwa nimechungulia mara kadhaa bila kinyago cha kukinga macho nione ninakoelekea, macho yangu yalijaa mchanga ambao haukuwepo. Jirani alinikatia viazi vibichi vipande vyembamba nikavilaza machoni, tiba ambayo kila fundi wa Nyeri huiapia na ambayo haikunisaidia kitu zaidi ya kunifanya ninuke shamba. Jumatatu niliingia darasa la kidato cha tatu macho yamevimba, na kufikia chakula cha mchana shule nzima ilikuwa imeshaamua kwamba nimeachwa na mchumba. Sikukanusha. Ilikuwa heshima kubwa kuliko ukweli.

Nikiwa Kerugoya katikati ya Julai nilijua jambo ambalo mama hakunuia nilijue. Niliamka mapema kuliko kawaida yangu, nikatazama dirishani, nikamwona akishuka vile vidato akiwa ameketi. Alijisogeza kwa makalio, kidato baada ya kidato, mkongojo ukiwa umelazwa mapajani, gauni limelowa umande. Alikuwa amechagua saa ambayo hakuna mtu njiani. Alipofika chini alisimama kwa kushika fremu ya mlango, akajifuta matope kwa mkono, akaingia. Nilirudi kitandani nikajifanya nimelala. Wakati wa chai aliniuliza nimelalaje, nikasema vizuri, naye akasema vizuri. Sisi ni watu wenye adabu.

Baada ya siku hiyo sikuwa na subira na mtu yeyote, hata na mwalimu wangu. Tuligombana juu ya matone. Yeye alinitaka niunganishe fremu nzima kwanza kwa tone dogo kila kona, ndipo nirudi kuishona. Mimi nilikuwa nimeapa kwamba tone la moto, lile la Kerugoya, halitaingia katika kazi yangu. Niliona ni mlango wa uzembe. Nikashona kona ya kwanza kikamilifu, kuanzia mwanzo hadi mwisho, kwa dhamiri safi. Na nilipogeuka kushona ya pili, bomba lilikuwa limejipinda kando kwa upana wa vidole viwili.

Fundi alikuwa amekaa kwenye ndoo akila mandazi, akinitazama kwa raha isiyofichwa.

"Mbao ikipata gundi inatulia," alisema. "Chuma ikipata moto inavuta. Unafunga kwanza pande zote, ndio ikivuta isipate pa kwenda."

"Lakini yule fundi wa Kerugoya alifunga kwa tone."

"Hakukosea kufunga. Makosa yake, hakurudi."

Nilikata, nikaanza upya, nikaweka matone. Kufikia Agosti mishono yangu ilikuwa imetulia, na siku moja aliugonga mmoja wao mara sita badala ya tatu, akaguna, akaenda kunawa mikono. Hiyo ndiyo sifa pekee aliyonipa.

Reli ya mama haikuwa bomba moja lililonyooka. Kwa kuwa vidato havikulingana, ilibidi ipinde mara nne kufuata mteremko, na kila pindo lilikuwa kiungo cha vipande viwili vilivyokatwa kwa pembe. Nilivipima vidato kwa uzi na karatasi, nikakata, nikafunga kwa matone, nikashona. Nguzo nilizisimamisha mapema kule Kerugoya kwa saruji, ili reli ikifika ichomelewe juu yake. Ilibaki wiki moja. Ndipo fundi akapigiwa simu kwamba amefiwa na shangazi, akasafiri kwenda kwao, akaniachia ufunguo wa kibanda.

"Mshono uache vile uko," alisema akipanda bodaboda. "Toa ile gamba ya rodi juu, upake rangi nyekundu ya kuzuia kutu, basi."

Niliitazama reli ile siku nzima. Ilikuwa imara na ilikuwa mbaya. Kwenye kila pindo palikuwa na uvimbe wa mshono, na nilimwona mama akipitisha kiganja chake, kile kiganja cha mwanamke aliyechuma majani ya chai maisha yake yote, akikutana na uvimbe, kisha mwingine, kisha mwingine. Nilisema moyoni kwamba fundi huyu ni mwaminifu kwa sababu hajui kitu kingine cha kuwa. Nikachukua grainda yake, mashine ya kusagia chuma. Nikasaga mshono wa kwanza hadi ukalingana na bomba. Haukutosha, kwa sababu kivuli chake bado kilionekana, nikasaga zaidi. Kisha diski laini, kisha msasa wa mkono, kama ninavyofanya kwa mbao. Nilimaliza mapindo yote manne na nikafumba macho nikapitisha kidole kutoka mwanzo hadi mwisho, wala sikujua kipande kimoja kinaishia wapi. Nilifurahi kwa namna ambayo sasa inanichefua. Nikapaka rangi nyekundu, na kufikia alasiri nilikuwa nimewaonyesha majirani wawili na muuza mandazi. Walirudi nyuma hatua tatu. Walisema imetoka vizuri.

Fundi alirejea siku moja kabla ya kaka yangu kufika. Hatukuwa na wakati wa kukaa. Tulipakia mashine na reli kwenye pikapu ya kukodi, tukapitia Kutus kununua rodi, tukafika kwa mama kabla ya saa sita. Njiani alikuwa ameketi nyuma pamoja na vyuma. Tuliposhuka alikwenda moja kwa moja kwenye reli. Aliweka kiganja kwenye pindo la kwanza, akakiacha hapo kwa muda, akaniuliza:

"Hizi mishono ziko wapi?"

"Zipo. Nimezifanya zisionekane."

Mama alikuwa ametoka na kuketi kwenye kigoda mlangoni pa jikoni, amevaa kitambaa kipya kichwani. Alikuwa amengoja tangu asubuhi. Fundi alimsalimu kwa Kikuyu chake kibovu, mama akamjibu kwa Kiswahili chake kibovu zaidi, wakaelewana. Tukaichomelea reli kwenye nguzo zote, na mimi nikasimama kando nikimwambia mama aje.

"Ngoja," alisema fundi, na akachukua nyundo.

"Mama anaangalia," nikamnong'oneza. "Na chai imeshaiva."

Hapo nilikuwa mimi, mtume wa ukweli, nikimwomba mtu asitikise kazi.

Alibisha pindo la kwanza mara tatu, likakaa. Kwenye pindo la pili nyundo ilipiga mara moja, mara mbili, na pigo la tatu likatoa sauti kavu kama ya kikombe kilichopasuka. Reli iliachana. Haikupinda, haikulegea, ilifunguka tu, safi, na katikati ya vipande hivyo tuliona unene wa mshono uliobaki, ambao haukuzidi karatasi ya jalada la daftari. Lilikuwa ni pindo la juu ya kidato cha tatu, pale pale.

Fundi aliinama akalichunguza, akainuka.

"Mwalimu," alisema, bila kupaza sauti. "Umeiranda."

Yule wa Kerugoya alificha kitu ambacho hakukifanya. Mimi nilikifanya kitu, tena kwa miezi miwili, kisha nikakiondoa kwa mikono yangu ili watu wakisifu. Nimejaribu mara nyingi kuona ni yupi kati yetu mbaya zaidi, na sijapata jibu linalonipendeza. Naweza kusema tu kwamba yeye hakutarajia mama yangu apitishe kidole.

Mama alituita kutoka kwenye kigoda. "Imekatika?"

"Imekatika, mama."

"Kabla sijaishika?"

"Ndiyo."

"Basi afadhali huyo mtu wa nyundo kuliko wewe," alisema, na akaingia jikoni kutumiminia chai.

Fundi aliipokea chai, akainywa akiwa amesimama, akanipa kinyago. "Shona wewe. Mimi nitaangalia mkono."

Nilikata mapindo yote manne. Ilichukua alasiri nzima, kwa kuwa umeme ulikuwa hafifu na mashine ilizimika kila mara mtu katika boma la jirani alipowasha birika. Nilifunga kwa matone, nikarudi, nikashona, nikapiga gamba kwa nyundo, nikaona mawimbi ya mshono yamelala karibu karibu. Kila mshono ulipopoa aliugonga. Wa tatu aliugonga akaniambia niongeze, nikaongeza. Sikugusa grainda. Tulipomaliza, reli ile ilikuwa na vimbe nne kubwa, na ilionekana kama mguu wa mtu mwenye baridi yabisi.

Kaka yangu alifika asubuhi iliyofuata, buti ya gari ikiwa tupu kwa ajili ya mizigo ya mama. Alikuwa ameleta hata maboksi. Alisimama juu ya vidato akaitazama reli, akarudi nyuma, akainamisha kichwa upande.

"Hii ndiyo umekuwa ukisomea miezi miwili?" alisema. "Si hata mngepaka fila kidogo, ikae kama ya watu."

Nilimpa nyundo. "Igonge."

"Niigonge kwa nini? Mimi si mtu wa kuharibu kazi ya watu."

"Igonge, uone kama itaharibika."

"Wacha hizo," alisema, na akaitazama nyundo kama kitu kilichookotwa jalalani. Huyu ni mtu anayekagua hesabu za watu kwa mshahara. Angemkabidhi mama yake kwa chuma ambacho anaona haya kukigusa, mradi kisimkere macho. Nilikuwa nimeifunza dharau yangu adabu kidogo tangu jana yake, lakini haikuwa imekufa, na sikuona sababu ya kuiua.

Mama alitoka wakati tunabishana. Hakumsalimu kaka kwanza. Aliuegemeza mkongojo ukutani, akaishika reli kwa mikono miwili, akaweka uzito wake wote juu yake, akaitikisa. Aliitikisa mbele na nyuma, kwa nguvu, kama anayetaka kung'oa muhogo, mbele yangu mimi, fundi wake. Kisha akaanza kushuka. Kwenye kila pindo kiganja chake kilifika kwenye uvimbe, kikatulia hapo, kikakaza, na mguu mbovu ukafuata. Nilitambua kwamba alikuwa akiutumia uvimbe ule kujua afikapo. Kwamba kwa bomba laini angeteleza. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Alifika chini. Akafungua mlango wa choo, akaingia, tukasikia komeo.

Tulibaki juu, wana wawili watu wazima, yeye na maboksi yake na mimi na nyundo yangu.

"Bado mko hapo," ilisema sauti ya mama kutoka ndani. "Nawasikia mkihema. Nendeni mkanywe chai, au mnataka kunishika mkono?"

Kaka aliondoka kwanza. Mlangoni pa jikoni aligeuka, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Na akichelewa kutoka?"

"Atachelewa," nilisema. "Ni choo chake."